Fyuzi haijakata lakini plastiki imeyeyuka: lagi ipi na soksi ipi kwa waya wa amplifaya?

#1 ZabibuMbichi
Wakuu, mbukwenyi.

Gari ni Toyota IST. Betri iko mbele, amplifaya ya sabufa iko buti (daraja D, wati 1000 za mfululizo, yaani RMS, kwenye ohm 1). Waya ni wa seti ya boksi: umeandikwa geji 4 (geji ni unene wa waya, namba ikiwa ndogo waya ni mnene), mwekundu mita 5, mweusi mita 1. Fyuzi ni ile ya kioo ya ampea 80, iko sentimita 30 kutoka betri.

Baada ya kama saa moja ya muziki mzito, kasha la fyuzi limelegea upande mmoja, ule unaoelekea buti. Soksi nyeusi ya kusuka inayofunika waya imejikunja, imekuwa ngumu kama ukoko wa ugali, sentimita 4 hivi. Fyuzi nzima! Upande wa amplifaya skrubu ni vuguvugu tu.

Nataka kubadilisha vichwa vyote na kinga ya waya. Lagi (vichwa vya chuma vinavyobanwa mwishoni mwa waya) za saizi gani, zibanwe na nini, na soksi ipi inavumilia bonetini? Naomba na sababu, siyo "peleka kwa fundi".

#2 Babu wa Risasi
Fyuzi inalinda waya usipitishe mkondo kuliko uwezo wake. Kiungo kibovu haikioni.

Piga hesabu. Ampea 80 zikipita kwenye kiungo chenye ukinzani wa miliohm 5: 80 × 80 × 0.005 = wati 32. Hiyo ni pasi ya kulehemia umeifungia ndani ya plastiki. Fyuzi yenyewe inaona ampea zilezile 80 ilizoandikiwa, ikate kwa lipi?

Kabla hujanunua kitu pima. Multimita kwenye milivolti, ncha moja kwenye uzi wa waya unaoingia, nyingine kwenye uzi wa waya unaotoka, muziki ukiwa unapiga. Usitumie wimbo, namba zitarukaruka. Weka mlio mmoja wa hezi 50 kwa sekunde 20. Kiungo kizuri cha waya mnene kinatoa milivolti chache. Ukiona mia na kitu, mchawi wako umemshika.

#3 VumbiJekundu
Mchawi ni hiyo fyuzi ya kioo, hata usipime. Vile vikofia viwili vinashikwa na vibanio vya chemchemi, mguso wake ni mistari miwili mitatu tu. Vibanio vikipata joto mara moja vinapoteza ugumu, vinashika kwa ulegevu, joto linaongezeka, vinalegea tena. Mduara huo hauna mwisho mwema. Weka fyuzi bapa, zile za ANL zinazokazwa kwa nati pande zote mbili.

#4 Alizeti_Singida
Wote mnazunguka. Waya wa seti ya boksi ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa wembe, ukiona weupe basi ni alumini, tupa kule. Alumini inapitisha umeme kama asilimia 60 na kidogo tu ya shaba ya unene huohuo.

#5 DadaWaya
Alizeti, hapo sahihisha kidogo. Weupe wa NJE siyo ushahidi. Kuna shaba iliyopakwa bati, nje nyeupe, ukikwangua ndani ni nyekundu, na huo ndio waya bora kuliko wote kwa sehemu zenye unyevu. Ya boksi ni kinyume: nje nyekundu, ukikwangua ndani nyeupe. Watu wamewahi kurudisha waya mzuri dukani kwa kosa hili.

Njia nyingine ni uzito. Waya wa geji 4 ni milimita za mraba 21. Sentimita 10 za shaba tupu, umeshamenya plastiki, zina gramu 19 hivi. Alumini ya kupaka haifiki 8. Mizani ya nyanya haitasaidia, tafuta ya sonara.

#6 Alizeti_Singida
Nimepokea dada. Huku kwetu mizani za wachimba dhahabu zipo nyingi 😄

#7 ZabibuMbichi
Nimekwangua. Nje nyekundu, ndani nyeupe. Kingine: plastiki ya nje ina kipenyo cha milimita 10, lakini fungu la nyuzi ndani ni milimita 4.5 tu.

#8 DadaWaya
Basi siyo geji 4 hata kwa jina. Fungu la 4.5 lina eneo la karibu milimita za mraba 16, toa nafasi za hewa kati ya nyuzi unabaki na kama 12. Milimita 12 za alumini ya kupaka ni sawa na shaba ya 7 na nusu hivi, chini ya geji 8 (ambayo ni 8.4). Geji 4 halisi yenye nyuzi laini fungu lake linakaribia milimita 6 au zaidi.

Kwenye mita 5 na ampea 80 unapoteza karibu volti 0.9 njiani. Shaba halisi ya 21 ingepoteza 0.33.

#9 Babu wa Risasi
Hesabu sawa, ila haijibu swali. Volti 0.9 kwa ampea 80 ni wati 72, zimegawanyika mita 5 nzima. Wati 14 kwa mita zinafanya waya uwe wa moto, haziyeyushi sentimita 4 pekee na kuacha kwingine. Kilichoyeyuka kiko mahali pamoja, kwa hiyo ugonjwa uko mahali pamoja.

#10 Alizeti_Singida
Babu, alumini ndiyo inayoharibu hapo mahali pamoja. Ukiimenya inapata utando wa oksidi papo hapo, na utando huo haupitishi umeme. Halafu alumini inatambaa: ukiikandamiza kwa skrubu, taratibu inakimbia kutoka chini ya skrubu. Inatanuka kwa joto kuliko shaba na shaba nyeupe. Moto, baridi, moto, baridi, wiki mbili skrubu imelegea wakati hakuna aliyeigusa.

#11 KibaigwaNjiapanda
Au ni mitetemo tu. Barabara ya vumbi yenye mawimbi inalegeza nati za magurudumu, sembuse skrubu ya milimita 5.

#12 Fundi_Nkuhungu
Naacha ubishi, najibu alichouliza kuhusu lagi.

Lagi za shaba zenye bomba zimepigwa muhuri, mfano SC25-8. Namba ya kwanza ni waya kwa milimita za mraba, ya pili ni tundu la bolti kwa milimita. Kwa geji zetu: geji 8 chukua 10, geji 4 chukua 25, geji 2 chukua 35, geji 0 chukua 50 (ile ya 53 inaingia kwa kubembeleza, ikikataa chukua 70). Tundu fuata bolti: kibanio cha betri cha Toyota ndogo bolti yake ni 6, sehemu ya ethi (waya mweusi wa hasi) kwenye bodi mara nyingi 6 au 8. Usinunue zote za tundu 10 ukaziba kwa washa. Bapa la lagi ndilo linalopitisha umeme, ukiongeza tundu unapunguza bapa.

Zile lagi nyembamba za dhahabu zinazokuja kwenye boksi ni shaba nyeupe iliyopakwa rangi. Ukizibana zinapasuka ubavuni. Maduka ya vifaa vya umeme na sola pale mjini yana lagi nzito zilizopakwa bati, na bei yake haitishi.

Kubana:
Kwanza kabisa vaa mpira wa kusinyaa kwenye waya. Kwanza. Watu wanabana lagi safi kabisa halafu wanaangalia mpira uko mezani.
Menya waya urefu wa bomba la lagi ukiongeza milimita 1 au 2. Zungusha wembe kwa wepesi, usikate uzi hata mmoja.
Ingiza mpaka uone nyuzi kwenye kitundu cha kuchungulia.
Bana kwa mashine ya haidroli yenye meno ya pembe sita. Jino la kwanza karibu na bapa, la pili kuelekea waya. Anza huku, siyo kule, ili shaba ipate pa kukimbilia.
Ukiona mapezi mawili ubavuni, jino lako ni dogo kuliko lagi. Ikibidi yapige tupa, lakini jino sahihi haliachi mapezi.
Vuta kwa nguvu zako zote. Ikitoka, afadhali itoke sasa.

Mashine yenyewe si lazima uinunue. Mafundi wa sola na wanaofunga mita wanayo, ile ya milimita 4 mpaka 70. Kata nyaya zako zote kwa kipimo, weka alama, wapelekee ubane vyote kwa siku moja.

#13 Mtu_wa_Mtera
Tatizo la waya wa 21 ndani ya lagi ya 25 hujaligusa. Inacheza. Jino la 25 halikazi vya kutosha.

#14 Fundi_Nkuhungu
Bana kwa 25, halafu rudia palepale kwa 16 nusu kina.

#15 Mtu_wa_Mtera
Hapo ndipo mapezi yanapotoka mkuu, umeyakataza mwenyewe mistari mitatu juu. Bora menya maradufu, kunja nyuzi za pembeni zirudi kujaza bomba, au ongeza nyuzi za kipande cha waya uleule. Ikijaa, jino la 25 linatosha.

#16 Babu wa Risasi
Jaza kwa risasi ya kulehemu. Wazee walifanya hivyo miaka yote.

#17 DadaWaya
Babu jina lako linakusaliti 😂. Risasi inapanda ndani ya waya kama mafuta ya taa kwenye utambi, sentimita 2 au 3 nje ya lagi. Pale inapoishia, waya laini unakutana na waya mgumu, na mtetemo wote unapindia hapo. Nyuzi zinakatika moja moja ndani ya plastiki, nje huoni kitu. Risasi ya 60/40 inaanza kulainika kwenye nyuzi joto 183. Kiungo kikichemka inamwagika, na kama uliitegemea yenyewe kushika waya, waya unachomoka ukiwa na umeme.

#18 Babu wa Risasi
Bana kwanza, kisha tia risasi kidogo mdomoni tu kuzuia hewa. Waya ukifungwa kwenye bodi sentimita 5 kutoka kwenye lagi haupindiki. Tatizo si risasi, tatizo ni waya unaoning'inia.

#19 DadaWaya
Kuzuia hewa ni kazi ya mpira wenye gundi ndani, na hauhitaji moto wa kuchoma plastiki ya waya. Ila hoja ya kufunga waya karibu na lagi naikubali.

#20 MamaSabufa
Wengine huku lagi tunabana kwa nyundo na patasi, na muziki unalia. Endeleeni na maabara yenu.

#21 VumbiJekundu
Mama, unalia mpaka wati ngapi? Nyundo na patasi inabonyeza upande mmoja, nyuzi za chini zimelala tu hazijashikana. Kata lagi kama hiyo katikati kwa msumeno utazihesabu. Kuna kibanio cha kupigwa nyundo chenye umbo la V na kitako, hicho angalau kinasukuma nyuzi zote katikati. Kwa waya wa ethi wa mita moja inatosha.

#22 Hogoro
Upande wa amplifaya usiweke lagi ya tundu, weka kikofia cha shaba cha kubana nyuzi, kile cha bomba lililo wazi. Skrubu ya amplifaya ikizunguka moja kwa moja juu ya nyuzi laini inazikata kama kisu cha mchicha. Pima tundu la amplifaya kwanza, nyingi za bei ya kati zimetobolewa kwa geji 8, kikofia cha 25 hakiingii. Wengine wanapunguza nyuzi ili waya upenye. Usithubutu, umelipia 21 unatumia 12. Kuna vipunguzio vya shaba vyenye mdomo mpana na mkia mwembamba, mkia uwe mfupi.

#23 Alizeti_Singida
Kwenye spika je?

#24 Hogoro
Vile vya bapa la kuchomeka. Upana 6.3 upande mmoja, na spika nyingi upande wa hasi ni mwembamba zaidi, kwa makusudi, ili usikosee. Rangi za vikofia vya plastiki: vyekundu waya 0.5 mpaka 1.5, bluu 1.5 mpaka 2.5, njano 4 mpaka 6. Waya mwembamba kwenye kikofia cha njano ni kujidanganya, utachomoka mlangoni ukifunga mlango kwa nguvu. Waya wa spika za mlango 1.5 unatosha, sabufa 2.5 au 4.

#25 ZabibuMbichi
Soksi jamani. Hakuna aliyeigusa bado.

#26 Mtu_wa_Mtera
Soksi ya kusuka ni urembo. Ina matundu. Vumbi letu la Dodoma laini kama unga linapita, linakaa kati ya soksi na waya, likichanganyika na mafuta ya injini linakuwa msasa. Baada ya kiangazi kimoja fungua uone plastiki ilivyokwanguliwa.

Bonetini weka bomba la mikunjo lililopasuliwa ubavuni, lakini la nailoni. La polipropilini lipo bei nafuu na linafanana kwa macho, karibu nyuzi 100 limefika mwisho. Mpasuko uelekee chini, ukielekea juu unakusanya maji na tope la masika. Usizungushie tepu nyeusi ya plastiki, gundi yake inayeyuka na kuwa uji. Tumia tepu ya kitambaa, kila sentimita 20 mizunguko miwili.

#27 DadaWaya
Soksi ya poliesta siyo urembo tu. Yenyewe inayeyuka karibu na nyuzi 250. Ndiyo maana ukoko wa Zabibu ni ushahidi mzuri: kama ile ni poliesta kweli, hapo palifika joto la kutisha. Kama ni nailoni ya bei chee, lilikuwa chini zaidi. Choma kipande ulichobakiza: poliesta inatoa moshi mweusi na harufu tamutamu, nailoni inanuka kama nywele zilizoungua.

Kuikata, tumia kisu cha moto, mkasi unaifumua. Kila mwisho funika kwa mpira wa kusinyaa sentimita 3. Mpira uwe wa 3 kwa 1 (unasinyaa hadi theluthi ya upana wake) wenye gundi, maana lazima upite juu ya lagi nene ukaushike waya mwembamba. Ule wa 2 kwa 1 ukipita lagi haukazi waya. Joto lipulizwe kwa mashine, kuanzia kwenye lagi kuelekea waya, mpaka gundi ichungulie pembeni. Kibiriti kinaacha masizi na kuchoma upande mmoja.

#28 KibaigwaNjiapanda
Mpira wa kumwagilia bustani ukipasuliwa?

#29 Mtu_wa_Mtera
Chini ya zulia, sawa. Bonetini hapana, ukipata joto unalainika na kulalia bomba la ekzosi. Na pale waya unapopenya ukuta wa injini weka raba ya tundu, hata kama una bomba, soksi na maombi. Bati lililotobolewa ni wembe.

#30 VumbiJekundu
Zabibu, na kibanio cha betri? Kama fundi aliweka kile kikubwa cha dhahabu chenye matundu manne, angalia vichwa vya betri. Betri za IST nyingi zina vichwa vyembamba, chanya karibu milimita 15, hasi 13. Vibanio hivyo vimetengenezwa kwa vichwa vinene vya 19 na 18. Betri ya saizi ya B24 inauzwa aina mbili, ikiishia na S, mfano 46B24LS, hiyo ni nene. Bila S ni nyembamba.

#31 ZabibuMbichi
Haina S. Kibanio ni hicho cha dhahabu. Na ndani kimejaziwa kipande cha kopo la soda.

#32 MamaSabufa
😂😂😂 Kopo la soda! Lina rangi na lina vanishi ndani. Umeme unapita wapi?

#33 Fundi_Nkuhungu
Hapo nunua vikofia vya risasi vya kuvalisha kichwa chembamba, au rudisha kibanio cha Toyota na lagi ya SC25-6 kwenye bolti yake. Nashauri la pili. Ethi nayo usiweke kwenye bolti ya mkanda wa kiti, ni bolti ya usalama na uzi wake si wa kawaida. Chagua bati nene la bodi, kwangua rangi mpaka ing'ae ukubwa wa bapa la lagi, kaza, ndipo upake grisi juu. Grisi baada ya kukaza, siyo kabla.

#34 Hogoro
Kabla na baada. Tabaka jembamba kabla linazuia kutu kuingia katikati, ukikaza linasukumwa nje.

#35 Fundi_Nkuhungu
Na vumbi linabaki limenata humo. Tuendelee kutokubaliana.

#36 ZabibuMbichi
Vipimo, mlio wa hezi 50, sauti ya kati. Mkondo niliupata kwa klempu (mita ya kukumbatia waya): ampea 40.

Kasha la fyuzi, waya hadi waya: milivolti 190
Kibanio chanya hadi kichwa cha betri: milivolti 70
Lagi ya ethi hadi bodi: milivolti 12
Skrubu ya amplifaya: milivolti 20

Nimefungua kasha. Skrubu ya upande ulioyeyuka imekata karibu theluthi ya nyuzi. Nyuzi zilizobaki zina unga mweupe. Kikofia cha fyuzi upande huo ni cheusi. Skrubu yenyewe ilizunguka kwa vidole.

#37 Babu wa Risasi
190 gawa kwa 40 ni miliohm 4.75. Nilisema 5. Nasubiri soda, siyo kopo.

#38 Alizeti_Singida
Unga mweupe = oksidi ya alumini. Asanteni, nimeshinda.

#39 VumbiJekundu
Kikofia cheusi = fyuzi ya kioo. Soma tena #3.

#40 KibaigwaNjiapanda
Skrubu ilizunguka kwa vidole = barabara.

#41 Hogoro
Nyuzi zilizokatwa = hakukuwa na kikofia cha shaba. #22.

#42 DadaWaya
Zabibu, ungetenganisha kipimo: waya hadi kibanio cha fyuzi peke yake, kisha kibanio hadi kofia. Sasa umeshafungua, ushahidi umevurugika. Klempu yako ni ya umeme wa DC? Nyingi za bei ndogo zinapima AC tu, na kwa mkondo wa amplifaya zinatoa namba ya ajabuajabu.

#43 ZabibuMbichi
Imeandikwa 400A, kuna alama ya wimbi pembeni.

#44 DadaWaya
Wimbi tu, bila mstari ulionyooka? Basi ile 40 huijui.

#45 Babu wa Risasi
Msiniharibie soda yangu.

#46 Mtu_wa_Mtera
Waya mpya unanunua wapi? Ukikosa wa muziki chukua waya wa kuchomelea wa 25, nyuzi zake laini, lakini kwangua kwanza, nao siku hizi upo wa alumini. Usichukue 25 ya nyumba yenye nyuzi 7, ni ngumu, inakatikia kwenye lagi.

#47 ZabibuMbichi
Nimeagiza mita 6 za kuchomelea, SC25-6 nne, SC25-8 mbili, fyuzi bapa ya ampea 100. Jamaa wa sola atabana Jumamosi. Shukrani. Soksi bado sijaamua.

#48 MamaSabufa
Na bajaji yenye sabufa mbili chini ya kiti, inatumia geji ngapi?

#49 Fundi_Nkuhungu
Fungua uzi wake mama.